Space Trader kwenye simu: kutoka krediti 1,000 hadi mwezi wako mwenyewe

Unaanza na krediti (fedha za mchezo) 1,000, meli ndogo iitwayo Gnat yenye nafasi 15 za mizigo, leza moja dhaifu na ramani ya sayari 120. Lengo ni kukusanya krediti 500,000, ununue mwezi, ustaafu. Mchezo wa Space Trader ni huo tu. Mholanzi Pieter Spronck aliutengeneza kwa ajili ya vikompyuta vya mkononi vya Palm mwanzoni mwa miaka ya 2000, akifuata nyayo za Elite, mchezo wa mwaka 1984 wa David Braben na Ian Bell. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, watu wameuhamishia kwenye Android na iOS. Sura za vitufe hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, lakini hesabu za ndani zimebaki zilezile, na hesabu ndizo tutakazoshughulika nazo hapa.

Wengi hufilisika katika siku ishirini za kwanza kwa sababu huuchukulia kama mchezo wa vita. Wanakimbilia leza na kuwinda maharamia, kisha hela inakatika kabla meli haijawa na maana. Leza utainunua baadaye kwa faida ya maji na manyoya.

Kugawa alama za ujuzi

Mchezo unapoanza una alama 16 za kugawa kwenye stadi nne, kila moja ikiwa tayari na alama 1 na kikomo chake kikiwa 10. Urubani unakusaidia kukimbia, upiganaji unakusaidia kulenga, biashara inapunguza bei ya kununulia, na uhandisi unasaidia meli kujitengeneza ikiwa vitani.

Kwa anayeanza: urubani 5, upiganaji 3, biashara 8, uhandisi 4. Sababu ni hii. Bei unayonunulia huwa juu ya bei ya kuuzia ya sayari ileile kwa asilimia 3, na juu yake inaongezwa asilimia moja kwa kila alama ya biashara inayopungua kutoka 10. Mwenye alama 1 ananunua kwa asilimia 12 zaidi, mwenye 8 kwa asilimia 5. Tofauti hiyo ya asilimia 7 inakatwa kwenye kila shehena, kila siku, mpaka mwisho wa mchezo. Stadi ya biashara haipandishi bei ya kuuzia hata kidogo. Nguvu yake yote iko kwenye kununua. Inapunguza pia bei ya meli mpya.

Upiganaji mdogo usikutishe. Ukishakuwa na meli yenye vyumba vya wafanyakazi utaajiri mamluki, na katika kila stadi meli hutumia alama ya aliye bora ndani yake. Mpiganaji hodari unaweza kumkodi. Hata mfanyabiashara unaweza kumkodi, ila siku za mwanzo, ambapo kila krediti ina kazi, hutakuwa na chumba cha kumweka.

Kiwango cha ugumu chagua cha chini kabisa kwa mara ya kwanza. Huko utapata pia zawadi ya bahati nasibu ya krediti 1,000 kwenye sayari ya kuanzia, yaani mtaji unakuwa mara mbili kabla hujasafiri. Tazama kitufe cha tukio maalumu ukiwa bado hapo.

Kabla ya safari ya kwanza ingia kwenye mipangilio na uwashe mambo matatu: kujaza mafuta kila unapotua, kutengeneza mwili wa meli kila unapotua, na kutenga akiba ya gharama za safari. Hilo la tatu ndilo muhimu zaidi kwenye simu, maana kidole kikigusa kitufe cha kununua kiasi chote kinaweza kukuachia sifuri, nawe una mishahara na bima ya kulipa kabla ya kuondoka.

Bei zinavyopangwa

Kila sayari ina kiwango cha teknolojia, kuanzia zile zisizojua hata kilimo (tuziite daraja 0) mpaka za teknolojia ya juu (daraja 7). Bidhaa ni kumi, na zimegawanyika makundi mawili. Maji, manyoya, chakula na madini ghafi hupanda bei kadiri teknolojia inavyopanda. Michezo, silaha, dawa za hospitali, mashine, dawa za kulevya na roboti hushuka bei kadiri teknolojia inavyopanda, kwa sababu huko ndiko zinakotengenezwa.

Bei za msingi, kabla ya mambo mengine kuingilia:

Maji: 30, na 3 zaidi kwa kila daraja
Manyoya: 250, na 10 zaidi
Chakula: 100, na 5 zaidi
Madini ghafi: 350, na 20 zaidi, hayauziki chini ya daraja 2
Michezo: 250, ikipungua 10 kwa kila daraja
Silaha: 1,250, ikipungua 75
Dawa za hospitali: 650, ikipungua 20
Mashine: 900, ikipungua 30, hazina mnunuzi chini ya daraja 3
Dawa za kulevya: 3,500, ikipungua 125
Roboti: 5,000, ikipungua 150, hazina mnunuzi chini ya daraja 4

Kwa hiyo unapanda na mali ghafi, unashuka na bidhaa za kiwandani. Meli isiyo na kitu kwenye safari ya kurudi inapoteza nusu ya siku zake.

Juu ya bei hizo kuna hali ya sayari yenyewe. Yenye maji tele huuza maji kwa robo tatu ya bei, na ya jangwa huyanunua kwa theluthi moja zaidi. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wengi na manyoya, udongo wenye rutuba na chakula, utajiri wa madini na madini ghafi. Halafu kuna matukio: ukame unapandisha maji, baridi kali manyoya, mavuno mabaya chakula, vita vinapandisha madini ghafi na silaha, tauni dawa za hospitali, upungufu wa vibarua mashine na roboti. Tukio linaongeza bei kwa nusu nzima. Gazeti la sayari uliyopo linaweza kukudokeza tukio la jirani, na gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba kutolisoma ni ubahili usio na faida.

Tuchukue mfano. Uko kwenye sayari ya kilimo, daraja 1, yenye maji tele. Bei ya msingi ya maji ni 33; robo tatu yake ni kama 24; ukiongeza asilimia 5 yako unanunua kwa 25. Nafasi 15 zinakula krediti 375. Umbali wa parseki 11 (parseki ni kipimo cha umbali angani) kuna sayari ya daraja 7 ambayo ni jangwa: msingi 51, theluthi juu yake, 68. Unauza kwa 1,020. Faida ni 645 kwa siku moja, kwa bidhaa ambayo wanaoanza huiruka kwa sababu inaonekana rahisi mno. Bei halisi zitacheza kidogo, kwa kuwa mchezo unaongeza bahati nasibu na aina ya serikali nayo ina uzito wake, ila mwelekeo haubadiliki.

Linganisha na manyoya. Kwa 1,000 unapata matatu tu, na tofauti ya daraja 1 na 7 ni krediti 60 kwa kila moja. Mwanzoni, basi, usiulize bidhaa gani ina faida kubwa kwa kipande. Uliza ni ipi inayojaza meli kwa mtaji ulio nao. Mtaji ukifika krediti 5,000 hivi, swali linageuka: nafasi ndizo zinazokuwa adimu, na hapo manyoya, madini ghafi na mashine zinaanza kuyashinda maji.

Kusoma orodha ya bei

Gusa sayari kwenye ramani ya karibu, kisha fungua orodha ya wastani wa bei. Kuna kitufe kinachobadilisha bei kamili kuwa tofauti ya bei kati ya hapo ulipo na huko uendako. Kitumie daima. Bidhaa zenye dalili ya faida huandikwa kwa wino mzito, na unaweza kuruka kutoka sayari hadi sayari kwa mishale bila kufunga ukurasa. Pitia zote zilizo ndani ya mafuta yako kabla ya kununua chochote. Ni kazi ya nusu dakika.

Orodha hiyo ina mapungufu mawili. Haijui matukio kama ukame au vita. Na sayari ambayo hujawahi kuitembelea, hali yake maalumu haijulikani kwako, kwa hiyo wastani unaoonyeshwa haujazingatia kama ni jangwa au la. Ndiyo maana sayari mpya hushangaza, kwa heri au kwa shari. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika mahali fulani kwenye simu sayari tano au sita za mtaa wako, daraja zake na hali zake. Kwa kawaida sayari hazibadilishi teknolojia wala udongo katikati ya mchezo.

Kuhusu umbali, hapa ndipo mahesabu ya watu wengi hukosea. Kila safari inachukua siku moja, iwe parseki 2 au 14. Hatari ya kukutana na maharamia inategemea serikali ya sayari unayoelekea. Urefu wa njia hauna neno. Na tangi la Gnat ni parseki 14, kulijaza kote ni krediti 28. Kwa hiyo usichague sayari ya jirani eti kwa kuwa ni karibu. Chagua yenye bei nzuri na serikali tulivu, hata kama iko ukingoni mwa duara la mafuta. Kinyume chake, sayari isiyo na serikali yoyote ina maharamia wengi na polisi hakuna. Usiikaribie na Gnat iliyojaa.

Jambo jingine: akiba ya bidhaa kwenye sayari hupungua ukinunua, na hujirudisha taratibu. Ukienda na kurudi kati ya sayari mbili tu utakuta rafu tupu safari ya tatu au ya nne. Panga mzunguko wa sayari tatu au nne, ili ile uliyoimaliza ipate siku za kujaa tena.

Mkopo, bima na kidau

Benki itakukopesha krediti 1,000 ukiwa mgeni mwenye sifa safi, na riba ni asilimia 10 kwa siku. Tena si kwa mwaka. Deni lisiloguswa linakuwa maradufu kabla ya siku ya tisa. Mkopo unafaa katika hali moja tu: umeona shehena ambayo faida yake ya safari moja inazidi riba hiyo waziwazi, na utalipa ukitua. Ukiwa na deni huuziwi meli mpya, kwa hiyo wanaolibeba wiki nzima wakidhani wanakuza mtaji hujikuta wamekwama na Gnat.

Kitu cha kwanza cha kununua baada ya mtaji kutulia ni kidau cha kujiokolea, krediti 2,000. Bila hicho, meli ikilipuka mchezo umekwisha. Ukiwa nacho unaokoka, na siku tatu baadaye, kwa krediti 500, kidau kinageuzwa kuwa meli ya Flea. Shehena imekwenda, lakini hela mfukoni ipo.

Bima haiwezekani bila kidau. Inalipwa kila siku na hupungua kwa asilimia moja kwa kila siku usiyodai. Kwa Gnat si lazima. Kwa meli ya krediti 60,000 na kuendelea, kuikosa ni kucheza pata-potea. Kumbuka bima hurudisha thamani ya meli, shehena hairudishwi.

Baada ya kidau nunua kifaa cha nafasi 5 za ziada, krediti 2,500. Gnat inakuwa na nafasi 20, yaani theluthi moja zaidi ya faida kila siku. Hakuna matumizi mengine ya kiasi hicho yanayorudisha haraka namna hiyo.

Maharamia na polisi

Ukikutana na haramia ukiwa na Gnat, kimbia, na endelea kubonyeza kukimbia. Akikukaribia na mwili wa meli umeshuka chini ya asilimia 40, jisalimishe: watachukua shehena, wewe na meli mtabaki. Ndiyo sababu ya pili ya kutokutumia kila krediti kununua mizigo. Shehena ikiibiwa yote, akiba ya krediti 300 inakutosha kuanza upya na maji.

Polisi wakitaka kukagua na huna kitu haramu, kubali. Ukaguzi safi unakuongezea sifa. Kuwakimbia kunakushushia sifa hata kama meli ilikuwa tupu.

Vitu haramu ni viwili, silaha na dawa za kulevya, na mchezo unakutega navyo kwa makusudi. Silaha zikinunuliwa daraja 7 kwa karibu 725 na kuuzwa daraja 1 kwa 1,175, faida ni 450 kwa kila kipande. Roboti kutoka daraja 7 hadi 4 huleta 450 hiyohiyo lakini kwa mtaji wa 3,950. Ukiangalia hapo tu, magendo yanashinda. Yanapokaguliwa, hata hivyo, hunyang'anywa yote, unapigwa faini inayopimwa kwa mali yako (kati ya krediti 100 na 10,000), na sifa inashuka. Sifa ikishuka hadi ya mtu wa kutiliwa shaka, sokoni utauza kupitia dalali anayekula asilimia 10, kwa bidhaa zote, hata maji. Hongo inafanya kazi kwa serikali fulani tu. Kwa maoni yetu magendo yana maana kwenye njia fupi kati ya sayari zisizo na polisi kabisa, nako ndiko walikojaa maharamia. Subiri uwe na ngao mbili.

Kubadilisha meli

Meli kumi zimepewa majina ya wadudu. Bei za msingi na nafasi za zile zinazomhusu mfanyabiashara: Firefly 25,000 na nafasi 20, Bumblebee 60,000 na nafasi 25, Beetle 80,000 na nafasi 50, Grasshopper 150,000 na nafasi 30, Termite 225,000 na nafasi 60. Mosquito, Hornet na Wasp ni za wapiganaji. Flea ina tangi la parseki 20 lakini nafasi 10 tu, haina pa kuweka leza wala ngao.

Meli ya zamani hupokelewa kwa robo tatu ya bei, na vifaa vyako havihami nayo, vinahesabiwa thamani na kubaki huko. Kila mabadiliko, basi, ni hasara ya robo. Usipande ngazi moja moja. Kutoka Gnat hadi Firefly unalipa pesa nyingi kwa nafasi 5, ambazo ungezipata kwa 2,500.

Beetle ndiyo meli yenye ubishi. Nafasi 50 kwa 80,000 ni bei ya kutupa, lakini haina pa kuweka leza, ngao ni moja, na mwili wake ni 50, nusu ya ule wa Gnat. Kwenye viwango vya chini vya ugumu, ukizunguka sayari tulivu na bima mkononi, ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Tundika ngao kabla ya kuondoka, mkodi rubani mzuri, usipigane na mtu. Kwenye viwango vigumu inapasuka kabla hujarudisha pesa; huko kaa na Gnat yako mpaka Bumblebee yenye ngao mbili, halafu Termite. Termite ina ngao tatu na mahali pa vifaa viwili, kwa hiyo nafasi zinafika 70. Shehena 70 za roboti zinahitaji zaidi ya krediti 270,000, hivyo usishangae ukiendelea kubeba manyoya na mashine ndani ya meli ya kitajiri.

Njiani utauziwa kiumbe kidogo cha manyoya chenye sura ya kupendeza. Kikatae. Kinazaana bila kikomo, kinakula chakula ulichobeba, na meli iliyojaa viumbe hao hupokelewa kwa robo ya bei badala ya robo tatu.

Mwezi

Mwezi unauzwa kwenye sayari kadhaa, lakini tangazo lake limefichwa hadi mali yako yote ifike krediti 400,000. Ndiyo maana sayari ulizozipita mara kumi zitaonyesha ghafla kitufe cha tukio maalumu. Bei ni 500,000 taslimu. Thamani ya meli haihesabiki hapo. Ukikaribia kiwango hicho acha kununua vifaa, lipa deni, geuza shehena kuwa pesa kwenye sayari moja kabla ya ile yenye tangazo.

Ukishanunua, mchezo haujaisha. Lazima uende mwenyewe hadi sayari ya Utopia ukauchukue, na Utopia inaweza kuwa upande wa pili wa ramani. Ipate kwanza kwenye ramani kubwa, panga vituo kwa kuhesabu tangi, na ukiona shimo la mkato (njia ya kuruka moja kwa moja hadi sayari ya mbali) linaloelekea huko litumie. Ushuru wake unapanda kulingana na meli, kwa Gnat ni krediti 50. Baki na elfu kadhaa za mafuta na matengenezo.